Wadudu Rafiki kwa Shilingi 175,000: Tathmini ya Huduma Niliyoitumia Bustanini Bunju

Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi mwishoni mwa Oktoba, bustani yangu ya mboga hapa Bunju, Dar es Salaam, ilikuwa chini ya uangalizi wa huduma moja inayojitangaza kwamba hulinda mazao kwa wadudu rafiki badala ya sumu. Wanaoitoa ni vijana wawili waliosomea kilimo, wa kiume na wa kike, ambao nyumbani kwangu wamebakia kuitwa bwana shamba na bibi shamba. Jina la shughuli yao silitaji, kwa kuwa yapo mambo nitakayowalaumu, na sioni haja ya kumwangusha kijana anayeanza kazi kwa kosa ambalo amekwisha kuliomba radhi. Nawaandikia wale wanaolima robo eka zao Madale, Goba, Kigamboni au Kivule na kujiuliza kama huduma ya namna hii ina maana au ni maneno matupu.

Bustani yenyewe ni ya kichanga, kama zilivyo nyingi za ukanda huu. Hupanda mchicha, chainizi, sukuma wiki, kunde ya majani, bamia, nyanya chungu na mistari michache ya nyanya, na wanunuzi wangu ni wenye magenge ya Bunju na Tegeta wanaofika alfajiri na mabeseni yao. Mmoja wao, mteja wa miaka mingi, ndiye aliyenitia aibu. Aliniamkia kama kawaida, akainua fungu la chainizi, akalinusa, akalirudisha chini. "Mwalimu, leo mboga inanuka dawa," alisema, "na mimi wateja wangu wengine wananyonyesha." Alisema kweli. Nilikuwa nimepulizia siku mbili kabla, na muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye chupa ulikuwa haujaisha. Kibaya zaidi ni kwamba kiuadudu chenyewe, cha jamii ya pairethroidi, hakikuwa kinanisaidia tena, kwani kadiri nilivyopulizia ndivyo vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, walivyorudi upesi zaidi.

Bei ndiyo inayoulizwa kwanza, kwa hiyo niimalize. Nililipa shilingi 120,000 kwa ziara nne, shilingi 35,000 kwa mbegu na miche ya mimea ya kuzungushia bustani, na shilingi 20,000 kwa chupa moja ya wadudu hai, ambayo nitaieleza mahali pake. Nauli ya bodaboda wanajilipia wenyewe. Maswali ya katikati ya ziara hujibiwa kwa WhatsApp bila malipo, na hilo nalo lina hadithi yake.

Siku ya kwanza bibi shamba alifika na kioo cha kukuzia kidogo kikining'inia shingoni, na karatasi mbili nyeupe mkononi. Nilitarajia angeelekea kwenye chainizi, ambako majani yalikuwa yamekwisha kujikunja kwa vidukari, lakini yeye alikwenda moja kwa moja kwenye uzio. Nyuma ya choo cha zamani kuna kona ambayo kijana wangu wa bustani husahau kuifyeka, nayo imeota mchunga, mashona nguo, kivumbasi na mnyonyo mmoja mrefu. Alichutama pale karibu nusu saa, hata nikaanza kuzihesabu shilingi zangu. Kisha akaniita, akanipa kioo, akaniambia nitazame mahali kikonyo cha mnyonyo kinapokutana na jani. Palikuwa na vinundu viwili vya kijani, na juu ya kimoja tone linalong'aa. Upande mmoja wa tone alikuwapo sisimizi anakunywa, na upande wa pili nyigu mwembamba asiyezidi punje ya ufuta.

Nyigu wa aina hiyo, alinieleza, hawana habari na binadamu. Jike hutaga yai ndani ya mwili wa kidukari au kiwavi, na mtoto hukua humo humo akimla mwenyeji wake kutoka ndani. Lakini jike mwenyewe haishi kwa nyama. Anahitaji maji matamu ya mimea ili aishi siku za kutosha kutaga. Mnyonyo humpa hayo hata usipokuwa na maua, kunde hali kadhalika, kwa kuwa ina vitezi vyake vya maji matamu karibu na maua yenyewe. Kwa miaka mingi nilikuwa nimemlipa kijana afyeke uzio wote hadi mchanga mtupu, nikidhani huo ndio usafi, kumbe nilikuwa nawafungia jiko wafanyakazi wangu.

Ndipo tukaenda kwenye chainizi, na hapo ndipo nilipoona thamani ya shilingi 120,000. Aligeuza jani moja tu, tukakaa nalo robo saa. Kati ya vidukari wa kijivu walioganda kama majivu, kulikuwa na wengine waliovimba, wenye rangi ya kahawia iliyofifia, wakavu kama maganda ya mtama. Hao walikuwa wamekwisha kufa, na baadhi yao walikuwa na tundu la duara mgongoni, safi kana kwamba limetobolewa kwa sindano. Nyigu alikuwa ametokea hapo. Pembeni yao alijilaza buu asiye na miguu, mwororo, mwili wake ukipitisha mwanga hata matumbo yakionekana. Alikuwa amemkamata kidukari mmoja na kumwinua juu ya jani, miguu ikipigapiga hewani, akimfyonza taratibu mpaka ikabaki ngozi, kisha akaitupa na kupapasa kutafuta mwingine. Huyo ni mtoto wa yule nzi mwenye mistari ya njano na nyeusi ambaye huelea hewani mbele ya ua bila kusogea, na ambaye wengi humkimbia wakidhani ni nyigu anayeuma. Mzazi hula chavua na maji ya maua, mtoto hula vidukari.

Kwenye jani la jirani kulikuwa na vijinyuzi vyeupe vimesimama wima, kila kimoja na kipunje kichwani. Miaka yote nimevifuta kwa kidole nikidhani ni ukungu, kumbe ni mayai ya mdudu wa kijani mwenye mbawa za kimia, ambaye watoto wake wana taya zilizopinda kama mundu na hula kila kitu laini kinachotembea, wenyewe kwa wenyewe wakiwamo. Yai kuwekwa juu ya kijiti humsaidia kutoliwa na nduguye anayetangulia kuanguliwa. Halafu nikamwona adui yangu wa siku zote, kiumbe mweusi mwenye vidoa vya rangi ya chungwa, mrefu, mwenye miguu sita na ngozi ya makunyanzi kama mamba aliyepunguzwa akawa na urefu wa punje ya mchele. Nimewasaga hao kwa vidole tangu nilipostaafu ualimu. Bibi shamba aliniangalia usoni, akasema kwa upole, "Mwalimu, huyu ni mtoto wa yule mbawakawa mwekundu mwenye madoa meusi unayempenda." Kabla hajawa mtu mzima huweza kula mamia ya vidukari. Sikuwa na la kusema.

Mpango waliouandika baada ya ziara hiyo ulikuwa mfupi. Kiuadudu kisimame kabisa. Kuzunguka bustani na katikati ya matuta, kila baada ya matuta manne, upandwe mstari wa giligilani, mrehani na kunde vikiachwa vitoe maua, na alizeti chache kwenye pembe. Giligilani ilichaguliwa kwa sababu maua yake ni mafupi na wazi, na nyigu hao wadogo pamoja na wale nzi wa mistari hawana midomo mirefu ya kufikia utamu uliofichwa ndani ya ua refu. Mchunga na mashona nguo viachwe uzioni, ila mashona nguo ikatwe kabla mbegu hazijakauka, jambo ambalo kila aliyewahi kuchambua gauni lake jioni atalielewa. Nilifurahi kwamba hawakuwa na ushabiki wa kutetea kila gugu. Mtunguja, ambao wengine huuita ndulele, na mnafu ulioota wenyewe karibu na nyanya waliagiza ving'olewe siku ile ile, kwa kuwa ni wa ukoo mmoja na nyanya na huwahifadhi utitiri mwekundu na kantangaze, kiwavi mharibifu wa nyanya, pale zao linapokuwa halipo shambani. Kuhusu mnyonyo walinitahadharisha tu kwamba mbegu zake ni sumu na wajukuu wasizichezee.

Sasa chupa. Katika ziara ya pili bwana shamba alikuja na chupa ya maji ya lita moja iliyotobolewa matundu, ndani yake mbawakawa wekundu wapatao hamsini na vipande vya majani. Niliuliza kwanza wametoka wapi, maana kuingiza viumbe hai kutoka nje ya nchi si jambo la kufanya kienyeji; linahitaji kibali, na msimamizi wa mambo haya ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Akasema wameokotwa kwenye bustani nyingine za hapa hapa jijini, nami nikaridhika. Tukawaachia jioni juu ya kunde iliyonyunyiziwa maji, kama alivyoshauri. Asubuhi nilihesabu saba. Siku ya tatu sikuona hata mmoja niliyeweza kusema ni wangu. Mbawakawa mzima ana mbawa, na akishashtuliwa na safari ya chupa hana sababu ya kubaki kwako kuliko kwa jirani. Wangeleta mabuu, ambao hawawezi kuruka, pengine ningeandika mengine. Shilingi 20,000 zile nazihesabu kuwa ndizo pekee zilizopotea kabisa, na nadhani wao wenyewe wanajua, kwa sababu bwana shamba alizipokea akitazama chini.

Si kwamba kupeleka wadudu mahali hakufai kamwe. Muhogo wa Afrika uliokolewa hivyo. Vidung'ata waliotoka Amerika ya Kusini walipoanza kuuangamiza miaka ya 1970, walitafutiwa adui wao wa asili huko huko Paraguay, nyigu mdogo aitwaye Anagyrus lopezi, akaanza kuachiliwa Nigeria mwaka 1981 na kusambazwa nchi nyingi, na kazi hiyo ilimpatia Hans Herren Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Lakini ile ilikuwa kazi ya mdudu mgeni kufuatwa na adui wake mgeni, ikifanywa na taasisi za utafiti. Bustani ya Bunju iliyokwisha kuwa na mbawakawa wake haihitaji hamsini wengine. Inahitaji kuacha kuwaua iliyo nao.

Kati ya wiki ya tatu na ya tano nilikaribia kuvunja mkataba. Vidukari jike huzaa bila kupandwa, huzaa watoto hai badala ya kutaga, na kwa joto letu mtoto huwa mama baada ya wiki moja tu au zaidi kidogo. Mbawakawa huchukua takribani wiki tatu kutoka yai hadi utu uzima. Maana yake, ukisimamisha sumu, adui hutangulia na rafiki hufuata nyuma, na katika nafasi hiyo ya katikati mwenye bustani huteseka. Nilipoteza matuta mawili ya chainizi, majani yakawa ya kunata na kupata masizi meusi. Kijana wangu aliliweka bomba la kupulizia mlangoni kila asubuhi bila kusema neno. Jambo hili walipaswa kunieleza kabla sijalipa, tena kwa maandishi, kwa sababu mkulima anayekula kwa matuta hayo hayo hawezi kuambiwa asubiri akiwa amekwisha kupata hasara. Kilichotuokoa ni ushauri wa kupiga maji ya sabuni kwenye majani yaliyozidiwa peke yake, kwa chupa ya mkono, tukiyapita yale yenye mabuu, kwani sabuni nayo humuua yeyote inayemlowesha. Wiki ya sita mambo yaligeuka, vidukari wakapungua ghafla hata nikadhani mvua imewaosha usiku, kumbe ni kavu kabisa.

Kosa kubwa ni la WhatsApp. Mwezi Agosti niliona kwenye nyanya chungu mbawakawa wa duara wenye madoa mengi, nikapiga picha na kuuliza. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili: "Hao ni marafiki, Mwalimu, waache." Niliwaacha. Baada ya siku kumi na mbili, majani ya mstari mzima yalikuwa yamebaki mishipa mitupu kama wavu wa dagaa. Wapo ndugu wa mbawakawa huyo wasiokula wadudu hata kidogo, wanaokula majani ya jamii ya nyanya chungu, biringanya na maboga. Wanatambulika, kama alivyonionyesha bibi shamba alipofika kwa haraka siku iliyofuata: rafiki mgongo wake unang'aa kama umepakwa vanishi, mlaji wa majani ana vinyweleo vinavyomfanya afifie kama aliyepakwa vumbi, na watoto wake ni wa njano wenye miiba yenye matawi. Aliomba radhi, akaniokotea wote kwa mkono akishirikiana na kijana, na akaniongezea ziara moja bure. Nimeipokea radhi. Hata hivyo huduma inayouza jicho la mtaalamu haiwezi kujibu kwa picha yenye ukungu kwa dakika mbili.

Kwenye nyanya hawakufanikiwa, na sitawatetea. Kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014, hutafuna kati ya ngozi mbili za jani na ndani ya tunda, ambako mbawakawa na buu wa nzi hawamfikii kwa urahisi. Walinishauri kuchuma na kuzika ardhini majani yenye mabaka, na kutumia dawa ya bakteria ya Bacillus thuringiensis inayopatikana kwenye baadhi ya maduka ya pembejeo, ambayo huua viwavi na kuwaacha wengine. Ilisaidia kidogo. Tangazo lao linalosema "bila dawa kabisa" lifutwe. Kuhusu dawa ya jirani wa upande wa kusini, ambaye akipulizia asubuhi ya upepo wa kusi ukungu wake huanguka kwenye matuta yangu matatu ya mwanzo, hawakuwa na jibu lolote, nami sina.

Kuna jambo moja nililolipata bila kulilipia. Kwenye mwembe wangu majimoto, wale sisimizi wakali, wameshona viota vya majani, nami nilikuwa nimekwisha kuandaa mafuta ya taa ya kuwachoma kabla ya msimu wa kuangua maembe. Bibi shamba akanizuia. Majimoto ni walinzi wakali wa minazi na mikorosho. Huwafukuza kunguni wanaofyonza nazi changa zikaanguka na wale wanaonyausha machipukizi ya korosho, na watafiti wa nazi wa Mikocheni, si mbali na hapa, waliwafanyia kazi kwa miaka mingi. Visiwani Zanzibar walikuwa wakichunguzwa tangu miaka ya 1950. Nilimwuliza mbona wanatuuma. Akacheka, akasema mlinzi asiyeuma ni wa nini. Viota vimebaki, ila matawi yanayogusa bustani tumeyakata, maana majimoto hawachagui, huwakamata na rafiki zetu pia.

Mwisho wa Oktoba hesabu ya mauzo yangu ilikuwa hivi: kunde na sukuma wiki zilizidi msimu uliotangulia, chainizi ilipungua kwa yale matuta mawili, mchicha haukubadilika kwa kuwa huvunwa upesi kabla viwavi wanaosuka majani hawajashika kasi, bamia ilikuwa sawa, nyanya chungu na nyanya zilinipa hasara. Dawa sikununua zaidi ya ile moja ya bakteria. Yule mteja wa alfajiri amerudi kuchukua mafungu arobaini kwa wiki, bado ananusa kila fungu.

Kwa vuli nimelipia ziara tatu na mbegu za giligilani. Chupa nimewaambia wabaki nayo, nyanya sitapanda, na nimeweka sharti kwamba mdudu nisiyemjua aje kutazamwa kwa kioo, si kwa simu.